Wa Mwisho Kuingia

Jua lilipoanza kukaa juu ya mawe ya Unyasale, marehemu Damari aliwaita kuku wake waingie kulala.

Aliwaita kutoka kwenye Sikio, boksi la rangi ya majivu lililotundikwa juu ya mlango wa banda, na kila mmoja alimwita kwa jina lake. "Tii, titititi. Kishingo, njoo mama. Bi Harusi, acha maringo, giza linaingia. Wewe Kidimu, toka kwenye alizeti, nakusikia huko." Kuku waliacha kuchakura, wakainua vichwa, wakaanza kurudi, wengine mbio na wengine kwa madaha, hadi mlangoni ambako mumewe, Elieza Nkuwi, alisimama na kopo la mtama akiwamwagia kidogo kidogo.

Kidimu, yule mwenye manyoya yaliyopinda kwa nje, alianguliwa msimu mmoja baada ya Damari kuzikwa. Damari hakumwona hata akiwa yai. Lakini Sikio halikuwa kanda ya kurudiarudia maneno ya zamani. Lilikuwa limeishi na Damari, likajifunza anavyobembeleza, anavyofoka na anavyocheka katikati ya kufoka, na kila jioni lilisikiliza nani amebaki nje, likamwita kwa sauti yake. Elieza aliwahi kuirekodi sauti ile kwenye simu akaenda kuisikiliza kitandani. Haikufaa kitu. Ilisema yale yale kila mara, na Damari hakuwa mtu wa kusema yale yale.

Kuku wote walipokwisha kuingia, sauti ilimgeukia yeye.

"Na wewe Baba Ombeni, unangoja nini huko nje? Ingia ndani, umande huo."

Huo ulikuwa utani wa Damari. Siku mafundi walipokuja kulifunga Sikio, walimwambia alitajie wote wanaotakiwa kuingia jioni, naye baada ya kuwataja kuku akaongeza jina la mumewe, kwa sababu, alisema, huyo ndiye wa mwisho kuingia siku zote na ni msumbufu kuliko kuku wote. Mafundi walicheka, wakaliacha jina humo. Enzi hizo Elieza alikuwa akijibu "naja" halafu anabaki nje akichokoachokoa jembe mpaka chakula kinapoa. Siku hizi hakujibu kitu, aliingia mara moja. Hakukuwa na mwingine duniani aliyemtaka aingie ndani.

Jioni hiyo alikuwa amekwisha kugeuka kuelekea nyumbani Sikio lilipozungumza tena, safari hii kwa sauti yake lenyewe, ile kavu ya kiofisi isiyo ya mwanamke wala ya mwanamume.

"Jogoo mgeni anapumua vibaya. Tafadhali thibitisha."

Mdondo wa zamani, ule ugonjwa wa kuku wa enzi za bibi zetu, angalau ulikuwa na adabu. Kuku alisinzia, akapinda shingo, akaharisha kijani, ukajua msiba umeingia. Huu mpya, mdondo mkavu, haukutoa taarifa. Kuku alikula vizuri, akataga vizuri, akapanda kichanjani jioni, na asubuhi ukamkuta chini miguu juu, yeye na wenzake wote. Dalili pekee ilikuwa ndani ya pumzi, mkwaruzo mdogo ambao sikio la binadamu haliupati, na kila chanjo iliyotengenezwa ilikuta ugonjwa umekwisha kuvaa sura nyingine. Uliipita nchi ukifuata vumbi, shomoro na viatu vya watu. Ndipo kaya zenye kuku zikaanza kupewa Masikio, yakae mabandani yakisikiliza pumzi, na nyua zikafungwa. Hakuna aliyepiga marufuku watu kutembeleana. Waliacha wenyewe, kwa kuviogopa viatu vya wenzao, wakawa wanasalimiana kupitia Sikio kila mtu akiwa kwake. Hodi ikafa. Unyasale palikuwa na watoto waliokwisha kufikia umri wa kwenda shule bila kuisema hata mara moja.

Jambo moja tu wananchi walilikataa, nalo ni kuuliwa kuku na boksi. Walipiga kelele hadi sheria ikatungwa kwamba boksi lisikie, lakini mtu ndiye aseme. Mwenye kuku akithibitisha, majirani huarifiwa papo hapo, mabanda yao hufungwa na kupuliziwa dawa ya kinga, dawa inayosaidia tu kama ugonjwa haujafika, na wanaokufa huwa ni kuku wa nyumba ile peke yao. Mwenye kuku akisema sivyo, Sikio humwamini. Tena hujifunza.

Elieza alichungulia ndani ya banda. Jogoo alikuwa kichanjani katikati ya Kishingo na Bi Harusi, mwekundu, mnene, hana habari na mtu.

Alikuwa jogoo wa Yeremia, kaka yake Damari. Yeremia alimleta siku ya kumaliza mwaka wa msiba, akitembea kwa miguu kutoka bondeni huku amembana kwapani. Aliingia hadi ndani ya ua, akamshika Elieza mkono, na hakuuachia haraka. Tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa amemshika Elieza mkono, na aliona aibu jinsi alivyotamani usiachiwe. Mwisho wa ua kulikuwa na tundu la wageni, ambamo ndege yeyote mpya alipaswa kukaa peke yake mpaka Sikio limsikilize na kuridhika, na Elieza alilijua hilo fika. Lakini kwao kuku anayeletwa na shemeji kufunga msiba ni sawa na shemeji mwenyewe. Hachinjwi, hafungiwi. Huachiwa mbele ya aliyemleta achanganyike na kuku wa nyumba, ndipo watu wajue undugu haukuzikwa na marehemu. Yeremia alisimama anangoja. Kumtia jogoo yule tunduni machoni pake kungekuwa kumwambia kwamba yeye na watu wa kwao wanashukiwa uchafu. Elieza akainama, akafungua kamba miguuni mwa jogoo, akamwachia.

"Tafadhali thibitisha," Sikio lilirudia.

"Ni vumbi," alisema Elieza. "Tumetoka kupura alizeti. Ni vumbi la makapi."

"Nimepokea. Ni vumbi."

Alikwenda ndani akala ugali wa jana. Huenda kweli ni vumbi, alijiambia, na alijua anajidanganya. Aliogopa, basi. Nyumba ikishathibitishwa, Sikio lake hufutwa. Boksi hujifunza pumzi za banda moja tu. Likiishi na wagonjwa, polepole huuona ule mkwaruzo kuwa ndiyo afya, na kuku wa baadaye watakufa wakisikilizwa na kitu kisichosikia. Kwa hiyo huondolewa kila kilichomo, pumzi, majina na sauti ya aliyeita, maana vyote vimefumwa pamoja kama ukili na havichambuliki. Kuku Elieza angeweza kuwapata wengine. Damari mwingine hakukuwa na pa kumpata.

*

Siku mbili baadaye, asubuhi aliyopiga simu Yeremia, kuku wote walikuwa wakichakura kwenye makapi, na Elieza alikuwa amekwisha kuanza kuamini vumbi lake mwenyewe.

Yeremia alisalimia kwa kirefu kama walivyo watu wa bondeni. Aliuliza habari za nyumbani, za mgongo, za mavuno, za Ombeni aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo na kupiga simu sikukuu kwa sikukuu. Kisha, kama mtu aliyekuwa akizungukazunguka nyumba akitafuta mlango, akauliza jogoo hajambo.

Elieza alimwambia hajambo, anawika mpaka kero.

"Ahsante Mungu," alisema Yeremia. "Maana huku kwetu wamekwisha, shemeji. Walilala wazima, asubuhi hata wa kuwika hakuna. Nikasema moyoni, heri yule wa Damari yuko mbali."

Bondeni Masikio yalikuwa hayajafika. Kila mwaka waliambiwa ni mwaka ujao. Yeremia hakujua alichokibana kwapani siku ile, na katika sauti yake mlikuwa na furaha ndogo ya mtu aliyebakiza kitu. Elieza alitaka kumwambia, hakumwambia. Alimpa pole. Walipoagana alikwenda kusimama chini ya Sikio.

Aliliuliza mbona haliulizi tena habari za jogoo.

"Ulinifundisha ni vumbi," Sikio lilisema. "Vumbi limeongezeka. Sasa linasikika kwa Kishingo, kwa Bi Harusi na kwa wote wa kichanja cha juu. Hali ni ya kawaida."

Elieza aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Mbele yake Kishingo, yule kuku mwenye shingo isiyo na unyoya, alikuwa akioga mchanga kwenye jua, akijirushia vumbi mgongoni kwa raha zake. Ukimtazama usingemdhania ugonjwa. Elieza alimtazama, akajiambia kwamba kusema ni lazima, hilo halina mjadala, na kwamba atasema jioni. Kuku wakishaingia. Damari akishawaita mara moja tu, na akishamwita na yeye. Tangu asubuhi hadi jioni kuna tofauti gani? Watu huagana na maiti, wanapewa muda, hakuna anayewakimbiza. Na yeye aliomba jioni moja. Alikuwa hajui anamwomba nani.

Alikaa hapo mpaka jua likapita utosini na kuanza kushuka. Ndipo Tabitha alipomwita kwenye Sikio.

Tabitha alikuwa jirani wa ng'ambo ya korongo, mjane, mshonaji. Kila jioni kwa miaka mingi walikuwa wakisalimiana kupitia boksi lile, Elieza akamjua kwa kikohozi chake na mlio wa cherehani yake, ingawa uso wake mara ya mwisho aliuona siku ya mazishi, ng'ambo ya uzio. Kuku wake wote walitokana na mtetea mmoja aliyepewa na Damari zamani, kabla nyua hazijafungwa.

Leo alimwita mapema, akicheka. Alisema ana kesi. Koo lake, yule kuku mama mwenye vifaranga, limekuwa kiguu na njia, limegundua makapi ya alizeti kwa Elieza, na sasa hivi limetoboa uzio na kuteremka korongo na wanawe wote nyuma. Alimwomba Elieza atazame kama wanafika salama, maana mwewe wamezidi, na wakishashiba awarudishe.

"Ni wa ukoo wa Damari, nawe unamjua alivyokuwa," alisema. "Ukimzuia ndiyo kwanza anakwenda. Lakini nakwambia ukweli, bila hao mimi sijui ningeongea na nani. Nikisikia wanasogeana kichanjani, najua kuna watu ndani."

Elieza alikuwa amekwisha kusimama. Pale uzio ulipoachia nafasi chini, upande wa korongo, kichwa chekundu kilikuwa kimechomoza. Koo lilipanda ukingo, likasimama kupumua, likageuka kuwahimiza watoto. Kati yake na makapi palikuwa na hatua za kuhesabika, na kwenye makapi alikuwapo jogoo wa Yeremia akichakura na kuwaitia wenzake kila alichokiona, mkarimu kama aliyemleta.

Elieza aliokota bonge la udongo, akalitupa. Alikosa. Akaokota jingine, akakimbia nalo, mzee wa miguu mibovu, akipiga mayowe ambayo hajayapiga tangu ujana wake akilinda uwele. Bonge la pili lililipata koo ubavuni. Koo likapiga kelele, likaruka, vifaranga wakatawanyika majanini. Elieza hakuacha. Aliwafuata hadi uzioni, akirusha kila alichoshika, mpaka koo likateremka korongo likilalamika na wanawe wakilifuata nyuma mmoja mmoja, naye akakiziba kitundu kwa mawe na kwa koti lake.

Aliporudi chini ya Sikio, Tabitha alikuwa akiita, hacheki tena. Aliuliza kuna nini huko, mbona anawapiga.

"Wafungie, Tabitha," alisema Elieza. Pumzi ilikuwa haitoshi. "Hawajagusa kitu kwangu. Wafungie sasa hivi. Wangu wanaumwa, na nimelijua hilo tangu juzi."

Elieza hakungoja asemewe kitu. Aliinua uso kuelekea boksi.

"Nathibitisha. Si vumbi. Nilikudanganya."

"Nimepokea," lilisema Sikio. Hapo hapo kengele za mabanda zikaanza kulia ng'ambo ya korongo, moja baada ya nyingine kufuata kilima, na milango ikasikika ikishuka.

Tabitha alikuwa bado yupo. Kila jioni kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa akiisikia ile sauti ikivuka korongo.

"Na Damari je?" aliuliza.

"Anakwenda nao," alisema Elieza.

*

Afisa mifugo alifika jua likiwa bado juu, kwenye gari lililobeba chokaa na mitungi. Alikuwa msichana aitwaye Siwema, mrefu, aliyevaa vazi jeupe la mwili mzima, na kabla ya kuingia alichovya viatu vyake kwenye dawa, akasimama nje ya lango, akasema hodi.

Elieza hakuitikia mara moja. Alikuwa amesahau jinsi ya kuitikia hodi.

"Karibu," alisema mwishowe.

Siwema alimwamkia, akampa pole, na hakumuuliza kwa nini alichelewa. Alimuuliza tu jogoo alitoka wapi. Elieza akamtaja Yeremia na bonde lake, akasema shemeji hakujua, na kwamba aliyemwachia jogoo ni yeye mwenyewe na macho yake mawili. Siwema alisema atapeleka watu bondeni, na kwamba hakuna atakayemgombeza. Alizungumza polepole, kama mtu aliyekwisha kuingia nyua nyingi kwa kazi hii na kujua kwamba haraka haisaidii.

Kisha alieleza kitakachofanyika. Kuku wote waingie bandani, mlango ufungwe, mtungi ufunguliwe. Ni hewa ya usingizi tu, watalala kama wanavyolala. Ila lazima waingie wote. Akibaki mmoja kwenye alizeti, kazi yote imeharibika. Wakikimbizwa hutawanyika, ndiyo maana ofisi hulitumia Sikio. Linaitishwa mapema kidogo, wanakuja wenyewe kwa sauti waliyoizoea.

"Hapana," alisema Elieza.

Siwema alidhani hakuelewa, akaanza kueleza upya. Elieza akainua mkono.

"Nimekusikia, binti yangu. Lakini hajawahi kuwadanganya. Miaka yote hiyo, kila walipomjia walikuta mtama. Leo wakimjia wakute nini? Mimi ndiye niliyeanza uongo humu ndani, acha niumalize mimi."

Siwema alitazama jua, akatazama shamba la alizeti lililojaa kuku. Alisema sawa, ajaribu, lakini ikishindikana itabidi sauti iite, hakuna namna. Elieza alikubali. Alisimama chini ya boksi akaliambia, "Leo usiwaite kuku. Nitawaita mwenyewe."

"Nimepokea," lilisema Sikio.

Alikwenda kuchukua kopo la mtama. Moyo ulikuwa unamdunda kama wa mtu anayekwenda kuposa. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuwaita kuku wale. Alipokuwa hai Damari ilikuwa kazi yake, kuku ni wa mama, na baada yake ikawa kazi ya sauti yake. Yeye alikuwa mtu wa kopo tu, mtu wa kusimama pembeni. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imekwaruza kwa kutotumika. Alijua watainua vichwa, watamshangaa, na watarudi kuchakura, na hapo atalazimika kumwacha Damari awaite wafe.

Alisimama mahali pake pa kila siku, mlangoni. Alikohoa kusafisha koo. Kabla hajafungua mdomo, mtama ulicheza ndani ya kopo, na Kishingo akainua kichwa.

Kishingo akaja mbio. Akafuata Kidimu kutoka kwenye alizeti, manyoya yakipeperuka ovyo. Bi Harusi akaja kwa maringo yake ya siku zote, halafu matetea ya kichanja cha juu, halafu kuku wachanga na vijogoo, na nyuma kabisa jogoo wa Yeremia. Walimzunguka miguuni, wakamkanyaga viatu, Kishingo akadonoa kifungo cha suruali yake kama alivyozoea. Elieza alisimama katikati yao na hakuelewa. Kisha akaelewa. Jioni zote zile alizodhani anasimama pembeni wakati Damari anaita, kuku walikuwa wanakuja kwa kopo. Walikuwa wanamjia yeye. Alidhani ndani ya ua ule hakuna kiumbe anayemngoja, kumbe walikuwapo banda zima.

"Tii," alisema, na sauti ikakatika. "Tii, titititi. Ingieni, mama. Ingieni."

Aliwaita kwa majina yao, yote, akilia waziwazi mbele ya binti wa watu. Aliwamwagia mtama ndani, si kwa kubana kama kila siku bali wote, hadi kopo likabaki tupu, na walipokuwa wakiula akauvuta mlango. Siwema alifungua mtungi. Kwa kitambo kidogo zilisikika kucha zikikwaruza mbao na mdomo mmoja ukigonga sakafu. Baadaye hakikusikika kitu.

Siwema alitoa kofia ya vazi lake. Alisema watu wa kuchimba shimo wako nyuma yake na gari la pili, yeye sasa ana kazi moja tu iliyobaki. Alivuta kinu, akasimama juu yake, akachomoa bisibisi mfukoni. Halafu akasita.

"Baba," alisema, "kabla sijalizima. Linaweza kuita mara moja, usikie tu. Sina haraka."

Elieza alitaka. Alitaka mpaka taya zikamuuma. Aliutazama ua, makapi yaliyochakurwa, manyoya mawili matatu yaliyoshikwa na uzio.

"Hapana," alisema. "Ataita, na hakuna atakayemjia. Sitaki limpate hilo."

Siwema aliitikia kwa kichwa, akaanza kazi. Skrubu ya kwanza ilikuwa na kutu na ilikataa kuzunguka, akawa anaipigapiga. Jua lilifika juu ya mawe, likakaa. Elieza alikuwa amesimama pale pale na kopo tupu mkononi, kwa kuwa hakujua pengine pa kusimama saa kama ile. Juu ya mlango Sikio lilisikiliza ua kama lilivyousikiliza kila jioni, kutafuta nani amebaki nje. Lilikuwa limeambiwa lisiwaite kuku, na halikuwaita.

"Na wewe Baba Ombeni," alisema Damari, "unangoja nini huko nje? Ingia ndani, umande huo."

Mkono wa Siwema ulisimama. Alimtazama mzee, asijue kama aendelee au ashuke.

Elieza aliliweka kopo kwenye kizingiti cha banda. Alijipangusa uso kwa kiganja, akakung'uta vumbi kwenye suruali.

"Naja," alisema, akaingia ndani.